Kumpiga Rangi Mama Maria

Fortunatus, mwenyekiti wa kigango kimoja nje kidogo ya Nachingwea, hakuwa na uwezo wa kukiona kitu cha zamani akakiacha salama. Safari hii jicho lake lilitua kwenye picha iliyoachwa kanisani na padre mmisionari, nakala ya mchoro wa Kitaliano wa karne ya kumi na saba. Mama Maria amempakata mwanawe aliyekufa. Mwanga unatoka upande mmoja tu, unaangukia bega la maiti na nusu ya uso wa mama. Kwingine kote ni giza totoro.

"Hii imeingia moshi," alitangaza kikaoni, na wajumbe, ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa, wakavitikisa. "Mgeni anayekuja Jumapili kutoka jimboni kwa askofu akiikuta hivi atatuona watu wa porini."

Aliyebisha ni Klementina peke yake. Mwanawe Jonasi alifukiwa na shimo la dhahabu kule Namungo, na mwili haukupatikana. Arobaini ilipopita, walewale waliokula wali wa msiba wakaanza kumwambia basi, inatosha sasa. Aliyebaki wa kulia naye ni yule mama wa pichani.

"Si moshi, Mwenyekiti. Yule mama amefiwa. Amekaa kwenye kona ya giza, kama mfiwa anavyokaa mkekani kwetu. Nani anamwashia mfiwa taa usoni?"

"Mama Jonasi," Fortunatus alimjibu kwa sauti ya kubembelezea watoto, "wewe si uliambiwa uache kulia? Mungu ni nuru, bwana."

Akaitwa Bashiri, fundi wa mabango ya saluni na bucha, akafanya alichoagizwa. Giza likageuka anga la buluu lenye mawingu, na mkorosho pembeni umejaa mabibo mekundu. Machozi yakafutwa. Mwenyekiti akataka na tabasamu, Mama Maria akapewa, meno na yote. Sasa alionekana amefurahi kweli kweli kupata maiti.

Jumapili Fortunatus alisimama chini ya picha, suti imembana tumbo, akimweleza mgeni jinsi kigango kilivyopiga hatua. Klementina aliyatazama yale meno. Uchungu ulimpanda, na hasira juu ya uchungu: hata huyu wamemnyamazisha. Akashuka benchini, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, akaangua kilio cha msiba.

Mwanamke wa huku akisikia kilio hicho haulizi kwanza, anakipokea. Letisia alikipokea, kisha Winfrida, kisha benchi zima likashuka chini, kila mmoja akimtaja marehemu wake. Fortunatus aliendelea kusifia rangi ya mafuta isiyopauka.

Mgeni alimwomba akae. Kisha yeye mwenyewe akaenda akachuchumaa sakafuni, mbele ya Klementina.

"Marehemu anaitwa nani, mama?"

Tangu arobaini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za mwanawe.

"Jonasi," alisema.