Gurudumu la Kulabu Sita

Asubuhi hiyo Mama Fundo aliamka kabla ya wote. Ilikuwa siku ya kulinganisha vifaa viwili vya kubebea mifuko chini ya helikopta, na aliyepangwa kuipokea mifuko hiyo kule mlimani alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyemlea mwenyewe tangu hajui kufunga kamba za viatu.

Kambi ile ilikuwa ya watu wanaotafuta mafuta kwa kuitegea ardhi sikio. Hulipua baruti kidogo shimoni, na vipokezi vilivyochomekwa kwenye udongo vikasikiliza mtikisiko. Vipokezi na nyaya zake vilisafiri ndani ya mifuko ya turubai, kila mfuko kilo themanini, na kwa kuwa barabara hazikuwako, helikopta iliining'iniza kwenye kamba ndefu na kuiteremsha mmoja mmoja penye vigingi vyekundu. Mama Fundo alikuwa mkuu wa wafungaji. Jina lake halisi pale kambini alilijua mdogo wake tu. Fundo akilikaza yeye, halilegei mpaka alilegeze yeye, basi.

Vifaa vyenyewe vililala mbele ya ofisi ya kontena. Kimoja kilikuwa kulabu ya zamani, imebanduka rangi, inabeba mfuko mmoja kwa safari na kujifungua yenyewe mfuko ukigusa ardhi. Kingine kilikuwa kipya, kinang'aa: gurudumu la chuma lenye kulabu sita, kila moja na taa inayowaka kijani ikifunga, mifuko sita kwa safari moja, rubani anabonyeza kitufe na kuachia mmoja baada ya mwingine.

"Hapa hata kulinganisha ni kupoteza muda," meneja alisema akisugua viganja. "Wewe shika saa, andika dakika, tia sahihi."

"Bosi, kulabu namba nne sijaipenda. Inafunga kwa kusitasita."

"Taa yake inawaka kijani?"

"Inawaka."

"Basi imefunga. Hata mimi asubuhi naamka kwa kusitasita, mbona kazini nafika?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Fundo naye akacheka, shingo upande. Mwezi uliopita alikuwa amelalamikia viatu vipya, kabla ya hapo kofia ngumu, na alijua wanavyomsema: yule mama na vitu vipya ni paka na maji. Akaipaka ile kulabu mafuta, akaijaribu mara tatu, ikafunga mara tatu. Akachukua saa.

Walianza na kulabu ya zamani. Toka uwanja wa helikopta, mteremko wa majaribio ulionekana wote, na kizibao cha rangi ya chungwa cha mdogo wake kiling'aa kando ya kichaka. Kambini walimwita Chapchap. Mfuko uligusa ardhi, Chapchap akatoka mbio, akaangalia kama kitanzi kimetoka kwenye kulabu, akainua dole gumba, rubani akaondoka. Sekunde tisa. Mama Fundo ndiye aliyemfundisha hivyo, saa mkononi, wiki mbili nzima. "Mfuko ukigusa tu, wewe uko njiani. Usisubiri kubembelezwa."

Safari sita, dakika arobaini na moja. Akaandika.

Zamu ya gurudumu ikafika. Wafungaji walitundika mifuko sita, taa sita zikawaka kijani, helikopta ikanyanyua. Meneja alikuwa tayari anapiga mluzi. Mama Fundo alifuata mzigo kwa macho mpaka juu ya kigingi cha kwanza. Mfuko namba moja ukaachiliwa, ukatua vizuri kabisa. Kizibao cha rangi ya chungwa kikachomoka kichakani mbio.

Hapo ndipo alipoliona. Kwa kulabu ya zamani, mfuko ukishatua, juu hakuna kitu. Sasa juu kulikuwa na mifuko mitano, kilo mia nne, na mtoto wa mama yake anakimbilia chini yake kama alivyofundishwa. Asubuhi ile alimwambia habari za vigingi, za upepo, za maji ya kunywa. Hilo moja hakulisema. Hata halikumjia.

Akanyakua redio. "Rubani, ondoka! Ondoka nayo, kuna mtu chini!"

"Unaharibu jaribio!" meneja alifoka, akinyoosha mkono kuipokonya. Mama Fundo alimsukuma kwa bega bila kumtazama.

"Peleka korongoni! Usiangushe kitu!"

Kumwita Chapchap kulikuwa bure, masikio ameyaziba na kelele iko juu yake. Helikopta ilibaki pale pale, na yeye akaanza kumwomba Mungu kwa sauti, mbele ya watu, bila aibu. Kisha mzigo ukalala upande, ukavutwa taratibu kuelekea korongoni. Haukuwa umefika mbali pale mfuko mmoja ulipochomoka. Ulishuka peke yake, ukapiga jiwe, ukapasuka, nyaya zikatawanyika. Hatua thelathini toka alipokuwa Chapchap, upande wa pili wa kichaka.

Redio ikakoroma. "Namba nne imeondoka," rubani alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Sijagusa kitufe. Taa yake huku kwangu bado ni ya kijani."

Meneja akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Hakuna aliyecheka.

Mlimani, Chapchap alikuwa ameinamia mfuko wake. Alikagua kitanzi, akainuka, akanyoosha dole gumba juu. Juu hapakuwa na kitu. Akageuka huku na huku, akasogeza kiziba sikio kimoja, akatoa redio mfukoni.

"Dada, helikopta imekimbilia wapi? Mimi mbona nimewahi! Leo sekunde ngapi?"

Mama Fundo aliitazama saa. Alikuwa amesahau kuisimamisha, namba zilikuwa bado zinakwenda. Akaisimamisha, akainua redio.

"Nane," akamdanganya. "Sasa nisikilize, mdogo wangu. Kaa hapo hapo ulipo. Usimkimbilie mtu, usikimbilie kitu. Nakuja mwenyewe."

Akaacha saa na karatasi juu ya turubai, akaanza kupanda mlima kwa miguu.