Chumba Chenye Dirisha la Jangwani

...kwa hiyo vimebaki vyumba viwili tu, dada, msichana wa ofisi ya safari alikuwa anasema ndani ya simu iliyolazwa juu ya meza ya jikoni, spika imefunguliwa, kimoja kiko ghorofa ya tatu, dirisha lake lote linatazama jangwani, yaani unaamka asubuhi hujanawa hata uso, matuta ya mchanga haya hapa, kingine kiko chini, uani, hakina ngazi hata moja ila hakina cha kutazama, ukuta tu na vyungu vya maua, sasa nikuandikie kipi, na kalamu ikabaki hewani juu ya karatasi ambayo tayari ilikuwa na Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, kila siku imepigiwa mstari chini kwa rula, kana kwamba siku ukiipigia mstari inatulia hapo ulipoiweka, kipi, swali gani hilo, swali la kawaida kabisa, watu wanaulizwa kila siku na wanajibu huku wanatafuna, chenye dirisha, cha uani, haya asante, lakini yeye akasema, "Ngoja kidogo, namuuliza mama," na hakumuuliza, alikaa tu akitazama mlango wa sebuleni, kule alikokaa mama yake na sinia la mchele mapajani, uso ameuelekeza kwenye mwanga, vidole vinapita kwenye mchele vikitafuta mawe, vinapita polepole, vinasimama, vinapita tena... ghorofa ya tatu, ngazi ngapi hizo, kumi na mbili mara tatu au kumi na sita mara tatu, na kila moja ina ukingo, na mama siku hizi ukingo haumpi habari mpaka umemgonga, lakini dirisha, jamani, dirisha lote, na mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja, aliyechora jangwa ubaoni kwa chaki ya njano kila mwaka muhula wa pili, tuta, kivuli cha tuta, mshale wa upepo, mpaka mkono wa gauni lake la kazi ukawa na unjano usiotoka, na hajawahi kuingiwa na mchanga kiatuni, mwenyewe ndivyo anavyosema, watu wote mtaani wanamwita Mwalimu na Mwalimu jangwa halijui, anacheka, nimewadanganya watoto wa watu miaka thelathini na moja, siku wakinidai nitajificha wapi...

Na daktari alisema msingoje. Wiki tatu zilizopita, mama akiwa kwenye benchi la nje na mboni zake zimetanuliwa kwa dawa, daktari alimwita yeye peke yake ndani, akafunga mlango, akamwekea mezani ile karatasi ya kipimo, duara jeusi na katikati tundu dogo la kijivu, dogo kama shimo la kifungo, akasema wewe ni wa kazi hizi, hakuna haja nikuzungushe, hii ni presha ya macho, imekula kutoka pembeni miaka na miaka, anachokiona sasa ni hiki hapa cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, kilichokwenda hakirudi, kilichobaki tutajaribu kukilinda kwa matone lakini sikuahidi, kama kuna kitu mama yako anatamani kukiona msingoje likizo ya mwisho wa mwaka... wewe ni wa kazi hizi, hayo ndiyo maneno yaliyomkata, maana ni kweli, yeye ni fundi wa miwani, miaka kumi na miwili yuko nyuma ya pazia la duka lile lile, gurudumu la kusagia vioo mbele yake, maji yanadondoka tone tone juu ya kioo kisipate moto, na mteja yeyote mwenye mvi mbili tatu akiingia humuuliza kabla hata hajamkaribisha kiti, je, umepima presha ya macho, umepima, kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa nayo, anauliza kwa mazoea kama salamu, amewauliza madereva, washonaji, walinzi, mapadri, amemuuliza hata mtu aliyeingia kuomba chenji, na mama yake mzazi aliyekuwa anamwekea chai kila jioni hakumuuliza hata siku moja, nani anampelekea mama yake maneno ya dukani, mama alisema tu mwanangu hizi herufi zimeanza kuninyima amani, na yeye akachangamka, akamtengenezea miwani, nzuri, fremu ya rangi ya kahawia aliyoichagua mwenyewe, akamvisha, vipi sasa, mama akageuza geuza kichwa, akasema ehee, sasa naona, fundi wangu huyu, na mwaka uliofuata tena, mwanangu ongeza kidogo, akaongeza, na tena, akaongeza, jozi nne ziko kwenye droo ya kabati, kila moja ina nguvu kupita mwenzake, kila moja aliisaga kwa upendo mpaka ikang'aa, na nyuma ya kila kioo jicho linazidi kufungwa kutoka pembeni na fundi yuko hapo hapo anapuliza vumbi kwenye fremu, anajisifu.

"Dada? Upo?"

"Nipo, nipo."

"Hakuna haraka, ila kuna mteja mwingine kwenye simu ya pili anakiulizia hicho cha juu."

Hakuna haraka, ila kuna mteja mwingine, hivyo ndivyo mambo yote yanavyokuja siku hizi, hakuna haraka ila, akatazama karatasi, Ijumaa basi la mchana, Jumamosi mji mkongwe asubuhi, alasiri mtu wa kuwapeleka kwenye matuta, machweo, hapo machweo alipazungushia duara, Jumapili kurudi, maana Jumatatu duka linamtaka na Jumanne kliniki inamtaka mama, siku mbili na nusu za kuonyesha jangwa zima kwa mtu mwenye tundu la kifungo, na tangazo la ofisi ya safari juu kabisa limeandikwa Njoo Ujionee, herufi kubwa, mtu aliyeandika hayo hana mama... na ishara zilikuwepo, ee, zilikuwepo mpaka zinachosha, kikombe kinasukumwa na kiwiko kinaanguka, kikombe cha pili, mama anasema vikombe vya siku hizi havina adabu, bega linagonga fremu ya mlango, mama anasema mlango huu umehama, nani kauhamisha, na yeye alicheka, alicheka kwa sauti, akamsimulia bosi dukani, mama yangu anasema mlango umehama, wakacheka wote wawili, na yule jirani wa nyumba ya kona akanuna mwezi mzima kwamba Mwalimu siku hizi anaringa, amempita pembeni hatua moja bila hata salamu, na yeye binti akaenda kumwombea radhi mama yake, umri tu huo, msamehe, umri, umri gani wakati mama yake bado anatunga uzi kwenye sindano mbele ya pua yake, hapo katikati ambapo bomba lilikuwa linaelekea, angefikiri, angefikiri dakika moja tu, mtu anayetunga uzi kwenye sindano na kumpita jirani bila kumwona ana nini, swali hilo angeulizwa dukani angelijibu kabla mteja hajamaliza, na hapa ni nyumbani, na nyumbani akili anaivua mlangoni pamoja na viatu. Hajamwambia. Siku ile ya kliniki alitoka nje akamkuta mama anafuta machozi ya dawa kwa kitambaa, akamshika mkono, akasema macho yamechoka, Mama, yanahitaji matone asubuhi na jioni, basi, mama akasema sawa, na wakarudi, na usiku wake akasema nimepata siku mbili za likizo zimenidondokea, twende ule mji wako wa jangwani, mama akauliza, ghafla hivi, ghafla hivi, Mama, kwani kosa, la, si kosa, na toka hapo anapanga, anapiga simu, anaandika, anapigia mstari, maana mtu anayepanga hana nafasi ya kusema jambo, juzi kanunua kofia mbili pana, jana kabaki dukani baada ya kazi akasaga jozi ya tano, vioo vya rangi ya moshi kwa ajili ya lile jua, akaviringisha kwenye kitambaa laini akavitia mkobani, jozi ya tano, anajua kabisa hazisaidii kitu, anajua sasa kama anavyojua jina lake, na mikono ikasaga vile vile, mikono haijui kufanya kingine, hilo ndilo linalomtia uchungu kupita yote, kwamba ana mikono miwili ya fundi na hakuna hata kimoja inachoweza...

"Anauliza nini huyo binti?" mama yake akaita kutoka sebuleni, vidole havikusimama.

"Anauliza chumba, Mama."

"Nimesikia chumba. Si umefungua spika, mtaa mzima umesikia. Chukua cha chini."

"Cha chini hakina dirisha la kutazama jangwa."

"Kina mlango?"

"Mlango kinao, lakini..."

"Basi. Nikitaka jangwa nitatoka nje. Ulifikiri nitaenda kote huko nikalitazame kwa dirishani kama mgonjwa?" na akacheka kile kicheko chake cha darasani cha kumsaidia mwanafunzi aliyekosea, na binti akacheka naye, nusu, kama mgonjwa, amesema kama mgonjwa, ametania tu, Mwalimu huyu anatania kila kitu, lakini dirisha la ghorofa ya tatu lina jangwa lote, Mama, aliwaza, lote, unafungua macho tu, utakaa kitandani na utaligeuzia lile tundu lako polepole, kushoto, kulia, nitakaa nyuma yako nikuelekeze, hapa kuna tuta, hapa kuna kivuli cha tuta, na utasema ehee, sasa naona, fundi wangu huyu... na hapo akajisikia, alijisikia waziwazi kama mtu aliyedakwa, kwamba ni hilo analolitaka, ni hiyo ehee, dirisha lile si la mama, dirisha ni lake yeye, anataka kulipia, anataka Jumamosi jioni mama aseme ameona ili yeye Jumatatu aweze kuingia nyuma ya pazia na kuwasha gurudumu.

"Na Fundi," mama akasema, sauti imeshuka, ile ya kumwita mtoto karibu na meza, "hiyo miwani uliyoileta jana, iliyo mkobani mwako. Sikuupekua, nilikuwa natafuta kitana. Usinitengenezee nyingine, mwanangu."

Simu ilikuwa inanguruma kidogo juu ya meza, pumzi za yule msichana, au upepo wa ofisini kwao.

"Ni ya jua, Mama."

"Najua. Nzuri sana. Hata zile nyingine nzuri sana. Hakuna hata moja iliyonisaidia."

"Ya kwanza si ulisema..."

"Nilisema."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno ukiniletea." Kidole kikasimama, kikachukua jiwe, kikaliweka ukingoni mwa sinia pamoja na mengine, tk. "Na daktari alipokuita ndani nikabaki kwenye benchi, mimi nimekuwa mwalimu. Mwanafunzi akifaulu mzazi wake haitwi ofisini. Basi nikasema ngoja, ataniambia akiweza, na wewe ukaniletea jangwa."

Na hapo palikuwa pa kusema, mlango huo hapo, wazi, hata mjinga angeuona, sema, nisamehe Mama, nilimuuliza mlinzi wa benki sikukuuliza wewe, sema, na maneno yote yalikuwepo, yamepangwa tangu wiki tatu, yakamjaa kifuani yakakaa, maana miaka minne yote ilikuwa imegeuka ghafla ndani nje kama soksi, yeye akimwongezea mama nguvu ya kioo kwa upendo na mama akimwongezea yeye uongo kwa upendo, ehee sasa naona, ehee sasa naona, kila mmoja anamtunza mwenzake, na katikati yao jicho linakwenda zake, na laiti mmoja wao angekuwa na roho mbaya kidogo, kidogo tu, mama angelalamika, angemtupia ile miwani, hainifai hii, fundi gani wewe, wangepelekana kwa daktari wakati duara lilikuwa bado jeupe...

"Usilie kwenye simu ya watu," mama akasema. "Mwambie cha chini. Mimi nitaona joto, si ndiyo? Nitaona kiu. Usiku nitaona baridi, niliwafundisha watoto kwamba jangwani usiku kuna baridi na hakuna aliyeniamini, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijiamini. Sasa hayo nayo yanataka dirisha?"

Vidole vikarudi kwenye mchele, vikapita, vikasimama, uso bado uko kwenye mwanga wala hautazami sinia, na binti akaelewa kwamba haujalitazama sinia muda mrefu, miezi, pengine mwaka, kwamba wali wote walioula humu ndani ulichambuliwa hivi na hawajawahi kukutana na jiwe, kwamba mama alikuwa ameshaanza safari peke yake, taratibu, bila kumsumbua mtu, na yeye na karatasi yake na rula yake alikuwa nyuma sana, anakimbilia basi lililokwisha kuondoka, akatamani aende pale akae chini aweke kichwa juu ya lile goti lisilo na sinia, na hakwenda, alikaa na kalamu yake hewani pale pale, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

"Dada," simu ikasema, "samahani, yule mwingine anataka jibu. Nikuandikie kipi, cha kuona jangwa au cha chini?"

"Cha chini," akasema, na kalamu ikashuka kwenye karatasi.