Mdomo wa Bwana Pruu

Ikifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, mji mzima wa Cleveland ulibanana mbele ya televisheni, baa kwa baa, sebule kwa sebule, kumtazama Bwana Pruu: kikaragosi cha soksi chenye tai na nywele za brashi, kikimwigiza Harlan Pruett, msomaji habari, kabla Pruett mwenyewe hajaingia hewani.

Aliyekichezesha ni Vlasta Kubicek, aliyejikunyata chini ya meza, mkono juu. Kila jioni alimchungulia Pruett kupitia dirisha la kioo la studio ya pili, alikosomea habari, akaandika daftarini kila kituko na tarehe yake. Tangu Februari alikuwa na kipya: mdomo unaolegea upande wa kushoto, maneno yanayomezwa. Akampa Bwana Pruu kituko hicho. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Alhamisi ile, taa ilipozimwa tu, aliingia mke wa Pruett, koti mwilini, kofia upande.

"Nani anamchezesha huyu?"

Gus wa kamera akanong'ona, "Leo unakula kofi, mrembo. Na kazi kwaheri."

Vlasta akatambaa kutoka chini ya meza, soksi ingali mkononi. "Ni mimi, Bibi Pruett."

"Mdomo ule umeutoa wapi?"

"Kwa mumeo. Mie siongezi kitu, nakuza tu."

"Tangu lini?"

Kofi halikuja. Vlasta akafungua daftari. "Tarehe nne Februari, ulilegea mara ya kwanza. Tarehe kumi na tisa, akakwama kwenye 'gavana'. Jana, mara sita."

Bibi Pruett akashika meza. "Baba yake alianza hivihivi. Wiki ya tano tukamzika. Mimi nalala naye kitanda kimoja, sikuona! Jana nimekicheka hicho kisoksi mpaka machozi. Usiku, akipiga mswaki, ndipo nikauona mdomo uleule kwake."

Wote watatu wakageukia kioo. Taa nyekundu ya matangazo ilikuwa imewaka. Pruett alikuwa akisoma habari za kiwanda cha chuma. Karatasi ikamponyoka mkono wa kushoto, naye akaendelea kusoma kama bado anayo.

"Mtoe!" mkewe akalia.

"Yuko hewani, bibi!" Gus alisema, mikono kichwani.

Vlasta hakungoja. Akasukuma mlango, akaingia mbele ya kamera, mara yake ya kwanza kuonekana na mji ule, akampitishia Pruett mkono kwapani, Bwana Pruu akichungulia begani.

"Inatosha, mzee wangu. Simama nami."

Pruett akajaribu kujibu. Hakikutoka kitu kinachoeleweka.

Baa zote zikalipuka kwa kicheko. Kabla gari la wagonjwa halijafika, simu za studio zilikuwa zinalia mfululizo: watu wanauliza kama kesho watarudia mchezo ule.