Professeur Cubaka na haragi moja nyeupe

Mwaka ule wa kubadirisha majina, ata Maman Apolline wa secrétariat alikuwa anasahau yake. Anapiga ku machine «Apolline», anakumbuka kama serikali imekataza majina ya wazungu, anafuta, anaandika «Citoyenne M'Cishugi», kisha anatoa kichwa mu corridor anapiga makelele: «Donatien, kuja hapa!» Na miye pia sikukuwa tena Donatien. Ku karatasi nilikuwa Citoyen Birindwa. Lakini mutu akiita Birindwa, nilikuwa nageuka nione ni nani anakuja nyuma yangu.

Nilikuwa deuxième graduat, mwaka wa pili, mu institut moja ya Ibanda, kule Bukavu. Kisha cours kwisha, nilikuwa namusaidia Maman Apolline ku ronéo, ile machine ya kutoa makopi. Yeye anapiga stencil, ile karatasi ya nta, miye natia wino na nazungusha mukono. Mwenye kushika ronéo anaonaka examen mbele ya wengine wote. Tusiongeze neno hapo.

Mwezi wa tano mission ikafika toka Kinshasa. Mission yenyewe ilikuwa mutu mumoja: Citoyenne Bulonza, mutoto wa Bukavu mwenye alienda kusoma kule akabakia, mwanamuke wa lunettes nzito ku macho na sauti ya polepole. Akasimama juu ya ngazi, siye wote tuko mu cour, kiwanja ya institut.

«Munisikie vizuri. Kila mahali wanapima mwalimu ju ya makala yenye ameandika. Miye nataka kujua kitu ingine: hapa kwenu, kufundisha kuko na uzito? Nyinyi wanafunzi njo mutaniambia. Karatasi itakuwa na majina ya walimu wote. Hapo kandokando mutaweka alama. Na jina yenu hapana kuandika.»

Citoyen Directeur akaongeza yake, tumbo mbele, abacost, ile koti ya siku zile, imefungwa mupaka ku shingo: assistants, walimu wadogo, wenye hawana makala, mwezi wa saba wanaondoka. Ni mumoja tu mwenye atabakia bila makala, ule mwenye atakuwa wa kwanza mu enquête ya alama zetu.

Siye wote tukamuangalia Citoyen Cirhuza.

Cirhuza alikuwa assistant wa statistique, ile somo ya takwimu, mwembamba, viatu vinaisha. Alikuwa hajaandika makala ata moja, ju wakati wake wote ulikuwa unaishia mu kusahihisha copies zetu. Ukimupa page mbili, anakurudishia page tatu za wino nyekundu. Miye alinieleza moyenne, ile wastani, mara tatu. Mara ya tatu alikuja na vifuniko vya chupa za Primus mu mufuko, akavipanga ku banc kama mutoto, mupaka nikaelewa, na hakunicheka. Kama hakukuwa wa kwanza, walikuwa wanamutuma kufundisha sekondari kule Shabunda, mu pori, na muke wake Rosalie alikuwa na mimba ya miezi munane.

Kwa hiyo mulikuwa munafikiri nitakuwa na akili. Hapana.

Maman Apolline alipiga liste ya walimu kumi na mbili na majina yao ya mupya. Nikasoma. Sikujua ata ine.

«Maman, huyu Citoyen Bahizire ni nani?»

«Si ni abbé, ule padri wa philosophie?»

«Na huyu?»

«Aa, labda ni ule wa chimie. Ao ule wa sport. Uniache, kichwa inaniuma.»

Akaenda kunywa chai. Stencil ikabakia peke yake mu machine, na miye peke yangu mbele yake. Vidole vikaanza kuniwasha. Nikaongeza namba kumi na tatu: *Cit. Cubaka, professeur*. Cubaka ilikuwa jina ya babu yangu wa kule Walungu, mwenye hakuingiaka mu masomo ata siku moja, isipokuwa kufukuza mbuzi yake. Nilitaka tu kuona kama kuko mutu atashituka.

Hakuna mwenye alishituka. Abbé alifikiri ni jina mupya ya ule wa chimie. Ule wa chimie alifikiri ni abbé. Directeur alitia cachet, muhuri ya institut.

Siku ya kujibu, wanafunzi mia mbili wakaandika majina yao juu ya karatasi, wakapiga mustari chini na règle. Citoyenne Bulonza alipita mu mabanc akisema: «Bila jina, bila jina!» Lakini toka primaire, karatasi bila jina ni zéro. Nani atajaribu? Na mwenye kuokota makaratasi alikuwa délégué wa jeunesse ya chama, mwenye kusoma kila moja na macho mbili. Karibu wote wakaweka alama ku «très bien», vizuri sana, toka juu mupaka chini.

Vendredi, mwisho wa juma, Directeur akatuita tena mu cour asome matokeo. Alikuwa anacheka kama mutu wa arusi.

«Institut yetu ni ya mufano! Hakuna mwalimu mwenye ako chini ya quatre-vingt-dix! Wa pili: Citoyen Cirhuza, quatre-vingt-dix-sept pour cent. Wa kwanza: Citoyen Professeur Cubaka, quatre-vingt-dix-huit!»

Tukapiga mikono: tisini na saba kwa Cirhuza, tisini na munane kwa Cubaka. Miye nikapiga mara moja tu, nikaacha. Kuwaza kidogo tu unaelewa: Cirhuza alikuwa amekosesha watu mu examen, na wachache kati yao walikuwa na moyo wa kumupunguzia. Babu yangu hakukosesha mutu ata mumoja.

«Huyu Cubaka ako wapi?» Citoyenne Bulonza akauliza. «Sijamusalimia bado.»

Nikaona jasho ya Directeur inatoka. Akageukia abbé, abbé akageukia ule wa chimie, ule wa chimie akaangalia ziwa kule chini. Directeur anaweza kusema mbele ya Kinshasa kama hajui watu wake?

«Ako Lwiro,» akasema. «Mu recherche. Mutu wa kazi sana, ule!»

«Vizuri. Lundi, juma ikianza, saa ine nitaingia mu cours yake.»

Siku ya pili yake nikapanda Cimpunda kwa miguu, kule Cirhuza alikuwa anakaa, nyumba ya mabati na maua mu boîte za maziwa. Rosalie alikuwa anachagua maharagi mu lungo. Nikaeleza yote nimesimama. Cirhuza alisikiliza kama vile anasikilizaka mwanafunzi mwenye kupotea ku tableau.

Rosalie hakuacha kuchagua. «Kumbe weye njo ulimuzaa Cubaka? Hongera, papa. Wa kwangu hajatoka bado, wa kwako amekwisha kuwa professeur.»

«Maman, munisamehe.»

«Nikusamehe nini? Unifungie mizigo ya Shabunda. Uanze na ile kitanda.»

«Rosa,» Cirhuza akasema.

«Hapana, aanze na kitanda!»

Hapo planton, mutumishi wa Directeur, akagonga mulango na barua. Cirhuza akasoma, akasoma tena, akaanza kucheka bila sauti, mabega inatetemeka.

«Directeur anasema lundi miye njo nitakuwa Cubaka. Njo miye tu niko na saa ine ya bure.»

«Utakubali?» Rosalie akauliza.

«Kufundisha nitafundisha. Lakini yule mama akiniuliza jina, nitamuambia jina yangu.» Akaingiza mukono mu lungo, akainua haragi nyekundu na haragi nyeupe, akaziangalia kama mutu mwenye kuokota dhahabu. «Rosa, unipe hizi mupaka lundi.»

«Na tutakula nini?»

«Majani ya sombe.»

Lundi saa ine. Siye tulikuwa quarante-deux, makumi ine na wawili, mu salle ya cours. Nyuma kabisa, Directeur na Citoyenne Bulonza. Cirhuza akaingia na nyungu ya udongo mu mukono, yenye shingo nyembamba, kitambaa juu. Hakusema jina ya mutu.

«Bonjour. Wenye kupenda chai ya cantine yetu, wainue mukono.»

Cantine ilikuwa ya shemeji ya Directeur. Mikono quarante-deux ikapanda. Wengine wakainua mbili.

«Vizuri. Quarante-deux juu ya quarante-deux.» Akaandika ku tableau. Kisha akapita akigawa, kila mutu haragi moja nyekundu na moja nyeupe. «Mwenye kupenda chai, atie nyekundu mu nyungu. Mwenye hapendi, atie nyeupe. Mukono uingie umefungwa. Ile ingine ubakie nayo mu mufuko.»

Tukapita mumoja mumoja. Akamwanga nyungu juu ya meza, akahesabu mbele yetu: nyeupe trente-neuf, nyekundu tatu.

Salle ikapasuka na kicheko. Directeur akakohoa. Floribert, kijana munene wa Kabare, akasema: «Wale watatu, Citoyen, ni wenye hawajainywa bado!»

«Ao ni shemeji!» mwingine akajibu toka nyuma.

Cirhuza akangojea tunyamaze. «Ni watu walewale. Katikati ni dakika kumi. Chai haikubadirika, mutanisamehe, ile haibadirikaka. Nini ilibadirika?»

Floribert akasimama. «Mukono, Citoyen. Kwanza ulikuwa unaonekana. Kisha ukafichama.»

«Njo cours ya leo. Hesabu inaweza kuwa sawasawa mupaka virgule ya mwisho, na ikakosa. Mukiona cent pour cent, mia juu ya mia, musiulize kwanza kama kitu ni kizuri. Muulize nani alikuwa anaangalia.»

Akaendelea saa nzima. Aliandika formules, ndiyo, lakini kila formule ilikuwa inatoka mu ile nyungu. Nyuma, Citoyenne Bulonza alikuwa amefungua cahier yake na anaandika kama siye, kichwa chini.

Kengele ikalia. Citoyenne akasimama. «Citoyen Cubaka, toka Kinshasa sijaketi mu cours kama hii.»

Cirhuza akafuta chaki ku vidole. «Aksanti, Citoyenne. Lakini jina yangu ni Cirhuza.»

Citoyenne Bulonza akageukia Directeur. Nikajua kama nikikaa kimya, ni Cirhuza njo ataitwa muongo, ao Maman Apolline mwenye kupiga stencil. Nikasimama.

«Citoyenne, ni miye. Cubaka ni babu yangu. Alikufa zamani. Niliandika namba kumi na tatu ju ya kucheza tu.»

«Inje!» Directeur akapiga makelele. «Mutoto wa kuharibika! Inje ya institut!»

«Angojee,» Citoyenne Bulonza akasema. Alikuwa ametoa lunettes, anapanguza macho na mwisho wa kitambaa yake. Anacheka! «Marehemu ana quatre-vingt-dix-huit pour cent, na Directeur alimutuma Lwiro! Atatoka kisha. Kwanza tufanye enquête. Citoyen Cirhuza, unipe ile nyungu.»

Maharagi ikagawanywa tena, moja nyekundu na moja nyeupe kwa kila mutu. Akatuma Cirhuza ku corridor, na Directeur pia. Délégué wa jeunesse alitaka kusimama karibu na nyungu, akamuelekeza dirisha: «Weye, uangalie ziwa.»

«Kama huyu mutu amewafundisha kitu chenye mutabakia nacho, mutie nyekundu. Kama hapana, nyeupe.»

Tukapita. Miye nikapita wa mwisho. Akahesabu peke yake, mara mbili, kisha akaita wale wa corridor.

«Nyekundu quarante et un. Nyeupe moja.» Akaangalia tableau, pale ile cours ilikuwa bado imeandikwa. «Ingekuwa quarante-deux, ningeanza upya. Hii ninaamini. Hii ninaandika.»

Kukabakia shida moja. Jina ya wa kwanza ilikuwa imekwisha kwenda Kinshasa na phonie, ile redio ya kusemea: Cubaka. Kinshasa ikishaandika, kufuta ni miezi sita, na mwezi wa saba Cirhuza anapanda camion ya Shabunda. Tulikuwa tunazunguka meza ya secrétariat kama watu wa kilio, ndipo Maman Apolline akafungua tiroir ya meza yake.

«Citoyen Cirhuza, fiche yako ya majina mupya. Toka mwezi wa kwanza nakukumbusha. Umefuta Isidore, umeandika Cirhuza, na mustari wa pili, wa jina ya kuongeza, ni mutupu. Unataka nipigie nani magoti?»

Cirhuza akaangalia ule mustari. Kisha akaniangalia miye.

«Babu yako alikuwa mutu wa namna gani?»

«Wa kucheka, Citoyen. Na mbuzi mingi.»

Akachukua kalamu. Maman Apolline akatia cachet na nguvu mupaka wino ikaruka, na toka pale kukakuwa mutu wa kweli mu dunia anaitwa Cirhuza Cubaka, assistant wa statistique, wa kwanza mu enquête. Rosalie alizaa mwezi wa sita, hapahapa Bukavu, musichana mwenye mapafu ya nguvu.

Miye Directeur alinifukuza mwaka moja. Mwaka ule nikapata kazi ku imprimerie, kule wanapiga vitabu, kazi ikanishika, na graduat yangu inaningojea mupaka leo. Siko na uchungu nayo. Niko na mutoto professeur, ao babu professeur, hatujapatana bado. Cirhuza, ju amebeba jina ya babu, tukikutana ananiitaka «mujukuu wangu» mbele ya watu wote, na miye namuomba pesa ya bonbons kama mutoto.

Siku moja, miaka ilikuwa imepita, tuko tunakunywa chupa kwake, Rosalie anatuletea karanga, Cirhuza akaniuliza kwa polepole.

«Mujukuu, ile haragi nyeupe. Nimewaza watu wote mu ile salle. Nani sikumufundisha kitu?»

Nikaingiza mukono mu mufuko. Nilikuwa nimeitunza toka siku ile, imekauka, rangi imeanza kufifia. Nikaiweka ku meza. Ilikuwa ile ingine, ile sikutia mu nyungu: nyekundu.

Akaiinua, akaigeuza mu vidole.

«Ulisema mwenyewe,» nikamuambia. «Wakiona cent pour cent, wataanza kuuliza.»

Rosalie akapiga mikono, akapaza sauti: «Ona muhuni huyu!» Lakini Cirhuza Cubaka hakucheka. Alitafuta kalamu nyekundu mu mufuko wa chemise, kalamu haikosekanaka pale, akavuta karatasi ya karanga karibu yake, akaandika: *Statistique, deuxième graduat, 20/20*. Akapiga mustari chini.

«Umesahau kuandika jina,» nikasema.

«Bila jina,» akajibu, na akanisukumia chupa.