Meza ya Kanda

Kwa miaka kumi na tisa nimekanda unga juu ya meza ileile, katika jiko la ghorofa ya chini, nikiwauzia mikate watu wa kampuni iliyopanga ghorofa za juu. Ni meza ya mbao ngumu. Mguu mmoja ni mfupi, nimeuwekea kigae chini. Makarani walizoea kubwaga mafaili yao hapo, nami nikaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: KANDA. Yaani hapa ni pa kukanda, ondoeni makaratasi yenu.

Basi kampuni ikatangaza kwamba ofisi yake ya kanda inahamia nchi jirani. Meneja alipokuja kunywa chai nikamuuliza, "Baba, tumewakosea nini?"

"Hakuna kosa, bibi. Hapa kibali cha kazi cha mtaalamu mgeni kinachukua miezi minane, kule siku tisa. Halafu kule kuna ndege za moja kwa moja kwenda kwenye matawi yetu yote. Hapa litabaki tawi dogo, watu thelathini."

"Hao thelathini watakula?"

"Watakula, bibi."

Nikatulia. Thelathini wanamtosha mwenye meza yake.

Siku ya kuhama nilitoka kuchota maji. Kurudi, sakafu tupu! Kimebaki kigae tu. Mjukuu wangu, karani wa mapokezi, akashika mdomo. "Bibi! Wapakiaji waliambiwa wabebe kila kilichoandikwa KANDA!"

Nikajifunga kibwebwe. Lori lilikuwa linaunguruma getini. Nikasimama mbele yake, mkono juu ya bampa.

"Bibi, tupishe! Tuna mpaka wa kuvuka!" dereva akapiga kelele.

"Meza yangu haina pasipoti."

"Imeandikwa KANDA. Ni mali ya ofisi ya kanda."

"Kanda yenu ni ya wakubwa, yangu ni ya unga. Pitisha kidole kwenye ufa wake uone."

Msimamizi wa wapakiaji akapanda, akapenyeza mkono kati ya makabati. Kidole kikatoka cheupe. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ishusheni!"

"Iko chini ya makabati kumi na manne!" dereva akalalamika.

"Shusheni taratibu, baba. Nitasubiri. Hamwezi kuwa wazito kuliko ofisi ya vibali."

Walishusha yote kumi na manne, nami nikihesabu.

Nikairudisha meza juu ya kigae chake, nikachukua rangi, nikaongeza herufi mbili mwanzoni: KUKANDA. Ilipokauka, nikamimina unga wa watu thelathini.