Matusi ya Shemeji

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Mwaka wa kumi na moja huu naandika Kiarabu chini ya picha, na ofisini kwetu sheria ni moja: tusi halipiti. Jambazi atukane mama wa mtu, atukane ukoo mzima, mimi naandika "tabban laka", yaani ole wako, basi. Vidole vimezoea, hata siviulizi.

Ndivyo nilivyomponza dada yangu.

Alikuwa anadai talaka na mtoto wake. Ushahidi ulikuwa video ya simu, mumewe akimporomoshea matusi mlangoni kwa lugha ya kwao, ile ile ya filamu zangu. Hakimu alijua Kiarabu tu. Dada akaniletea nitafsiri, nami nikaimaliza adhuhuri moja kati ya filamu mbili, wala sikuirudia.

Siku ya kesi hakimu akaitazama hadi mwisho, akavua miwani.

"Huyu bwana kakasirika tu," akasema. "Kwa ole wako mbili tatu nivunje ndoa ya watu?"

Shemeji akatabasamu, mshenzi yule. Dada akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana kilichoandikwa pale kwenye skrini kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nikasimama. "Mheshimiwa, tafsiri ni yangu, na sicho alichosema."

"Kasema nini?"

Masikio yakaniwaka moto. Nyuma yangu alikaa baba, aliyenifundisha Kiarabu tangu nikiwa mdogo, na mbele yake sijawahi kutamka hata "mjinga". Yeye ndiye aliyemwambia dada arudi kwa mumewe, avumilie, kwani nani hagombani.

Nikayasema. Yote, kama yalivyo: la mama yetu, la mwili wa dada, na lile alilomwita mtoto wake wa miaka minne. Sikupunguza kitu. Karani akaacha kuandika, hakimu akamwamuru aendelee.

Nilipomaliza nikasikia kiti cha baba kikiburutwa. Nikajua anaondoka, na nyumbani kwake sitakanyaga tena. Nikageuka.

Alikuwa amekisogeza karibu na dada.

"Mwanangu," alimwambia, "mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, baba," dada akasema. "Ukanikataza kutaja machafu mbele yako."