Kanda Aliyoomba Mama Ifutwe

Siku hiyo mshonaji alifunga duka lake asubuhi na mapema, jambo ambalo wateja hawakulizoea, akaenda kituo cha redio kuitafuta sauti ya mama yake.

Mama alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Picha zake zilikuwepo, na nguo zake bado zilining'inia kabatini. Sauti ndiyo haikuwepo popote. Mama alikuwa mtu wa kukata simu upesi, na ujumbe wa sauti hakuwahi kutuma. Alisema mwenye shida naye anajua nyumba ilipo. Wiki za mwanzo mshonaji aliisikia kichwani kila alipojiinamia kwenye cherehani. Kisha ikaanza kumponyoka. Maneno ya mama aliyakumbuka yote, ila sauti yenyewe ilififia kama kitambaa kilichosahaulika juani.

Ndipo alipokumbuka yale mahojiano.

Alikuwa na miaka minane ukuta wa darasa ulipowaangukia yeye na wenzake. Yeye alitolewa jioni, mzima, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kesho yake gazeti moja likaweka picha yake ukurasa wa mbele, blauzi imechanika, pamoja na jina lake na mtaa wanaokaa. Watu wasiowafahamu wakawa wanabisha hodi kuja kumtazama. Shuleni wakamwita Kifusi, na jina hilo likamganda kama kupe. Mama akahama mtaa. Baadaye redio ilipomwomba azungumzie shule zinazojengwa ovyo, kwa kulipualipua kazi, alikubali, lakini kwa masharti yake.

Kituoni alielekezwa chumba cha mwisho, kwa fundi mzee wa sauti ambaye wenzake walimwita Masikio. Walidai ukimsalimia tu anajua kama umepiga mswaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kiti hicho kinalia, lakini hakiumi."

Mshonaji akaeleza shida yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kidogo.

"Kumbe wewe ndiye yule mtoto," alisema. Mshonaji akajikaza kulisubiri lile jina. Halikuja. "Pole sana kwa mama. Kipindi kilichorushwa ninacho. Lakini sidhani kama ndicho ulichokifuata."

Akakitafuta kwenye kompyuta, akampa vipokea sauti. Mshonaji akavivaa. Ikatoka sauti nzito, ya mtu anayeongea ndani ya pipa, ikisema: *Mwanangu alitoka salama chini ya ukuta. Lililomuumiza zaidi ni lile gazeti.*

Akavivua.

"Huyu siye. Nirudishie yake."

"Hairudi. Niliichakata kwa mitambo asijulikane, na makusudi isirudi. Kama mimi ningeweza kuirudisha, angeweza na mwenye nia mbaya."

"Basi nipe ile ya mwanzo, kabla hujaichakata."

"Niliifuta, mwanangu. Yeye mwenyewe akiwa amesimama hapa."

Mshonaji akaviweka vipokea sauti mezani. "Mmefuta sauti ya mama yangu. Ilikuwa moja tu."

"Na yako ilikuwemo," mzee alisema. "Uliingia katikati ukitaka maji, akakuita kwa jina lako. Mhariri alitaka tuibakize. Alisema kanda ile ni dhahabu, tutaifungia, hataigusa mtu. Mama yako akamwambia, 'Leo mnaahidi nyinyi. Mkistaafu atakuja mwingine ambaye hakuniahidi kitu.' Hakuondoka mpaka nilipofuta. Akaomba nimchezee kanda ile, ahakikishe hakuna kitu. Tukasikiliza ukimya, mimi na yeye, karibu dakika nzima. Kisha akasema asante."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Alimwona mama kama alivyokuwa, mkoba umebanwa kwapani, hatikisiki. Hasira ilikuwa bado ipo kifuani, ila haikuwa tena na wa kumwendea.

"Wewe ulimsikia," alisema hatimaye. "Ilikuwaje, sauti yake?"

Masikio akafumba macho. Hakufanya haraka.

"Haikuwa kubwa. Mwisho wa sentensi ilikwaruza kidogo, kama mlango unaorudishwa taratibu. Na jambo zito hakulisema mpaka avute pumzi kwanza."

"Ndiyo," mshonaji alisema, na machozi yakamtoka. "Ndiyo, alikuwa hivyo. Niwekee tena."

Mara hii aliiacha ile sauti ya pipa ipite. Alisikiliza mwendo wa maneno. Mama alikuwa mle: pale alipotulia, pale alipokazia neno, pale alipoharakisha kwa sababu kulia kulikuwa karibu na hakutaka kulia mbele za watu. Alisikiliza mara tatu. Mzee akatoka nje akamwachia chumba, na aliporudi akamnakilia kipindi chote kwenye simu yake. "Hiki kilikwenda hewani," alisema. "Hiki hakina siri."

Jioni mshonaji alikiweka sebuleni. Binti yake wa miaka saba akaacha kuchora.

"Mama, huyo nani?"

"Bibi yako."

Mtoto akasikiliza, uso umekunjamana. "Mbona bibi ana sauti ya mwanamume?"

Mshonaji akacheka mpaka akashika mbavu, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Hapana. Aliibadilisha."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anawaambia watu habari zangu, na hakutaka wanijue."

Mtoto akalipima hilo, akaona limetosha. "Basi niigizie ya kweli. Na mimi naisahau."

Mshonaji akakaa sawa, akaliita jina la mtoto kama bibi yake alivyokuwa akiliita kutoka mlangoni. Ilitoka sauti yake mwenyewe, ya mshonaji mwenye mafua. Akajaribu tena, chini zaidi. Mara ya tatu kulikuwa na kitu mle, kidogo, kikapita kabla hajakishika.

"Ndiyo hiyo?" mtoto aliuliza.

"Bado," alisema. "Imekaribia, lakini bado."